Nchi Iliyopimwa, Nchi Isiyosikilizwa: Historia ya Ramani za Udongo katika Kongo



Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Hesabu, Musa anawatuma wanaume kumi na wawili kwenda kuipeleleza nchi ya Kanaani. Sisi tunakumbuka zaidi kishada cha zabibu walichorudi nacho, kikibebwa na watu wawili juu ya mti, na hofu iliyowashika walipowaona wenyeji wa nchi ile. Lakini katika maagizo ya Musa kuna swali ambalo mara nyingi tunalipita haraka: aliwataka waangalie kama udongo wa nchi ile una rutuba au hauna, na kama kuna miti au hakuna. Mtu wa Mungu, kabla ya kuliongoza taifa lake, alitaka kujua habari za udongo.

Miaka mingi baadaye Yoshua anawatuma watu wengine. Katika sura ya 18 ya kitabu chake, makabila saba hayajapata bado urithi wao. Yoshua anaagiza watu watatu kutoka kila kabila watembee katika nchi yote, waiandike katika sehemu saba, kisha warudi Shilo ili kura ipigwe mbele ya Bwana. Safari ya kwanza ilitangulia vita. Safari ya pili ilitangulia mgawanyo. Katika safari zote mbili watu walitembea, walitazama, walipima. Tofauti haikuwa katika macho yao. Ilikuwa katika kusudi la aliyewatuma, na katika nafasi waliyopewa wale watakaoishi juu ya ardhi hiyo.

Historia ya upimaji wa udongo katika nchi yetu ya Kongo imekaa katikati ya safari hizo mbili. Tuitazame kwa utulivu, kwa sababu kila msimu wa mvua unatukumbusha kwamba jambo hili si la wataalamu peke yao.

Kupima udongo ni kufanya nini?

Mpimaji wa udongo hutembea kwa mstari kutoka kilele cha mlima hadi bondeni. Kila baada ya umbali fulani hutoboa ardhi kwa chuma kirefu na kuangalia kinachotoka. Mahali palipochaguliwa kwa uangalifu huchimba shimo lenye kina karibu cha kimo cha mtu. Ukuta wa shimo hilo husomwa tabaka kwa tabaka: juu kuna udongo mweusi wenye mboji, pengine unene wa kiganja tu, chini yake huja udongo mwekundu au wa manjano, chini zaidi mawe yanayooza polepole, na mwisho mwamba wenyewe. Mpimaji huchukua udongo, huulowesha, huufinyanga kati ya vidole ili ajue mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi ni kiasi gani. Hupima mteremko. Huandika maji yanasimama wapi na yanapita wapi. Mifuko midogo hupelekwa maabara ili ipimwe tindikali na vyakula vya mimea vilivyomo.

Baadaye yote hayo hulinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, na ramani huchorwa. Kila rangi juu ya ramani ni aina ya udongo, na kila aina ina maelezo yake. Hapa panafaa migomba na kahawa. Hapa panafaa mahindi kwa miaka miwili, kisha pumziko refu. Hapa mteremko ni mkali na udongo ni mwembamba, msitu ubaki. Hapa mfinyanzi hufyonza maji na kuteleza, nyumba zisijengwe. Hapa ni bonde linalohifadhi maji ya kijito, lisikaushwe ovyo.

Ndiyo maana kazi hii ni msingi wa mipango ya ardhi na wa uhifadhi wake. Kijiji kinachotaka kupanga mashamba, malisho, msitu, barabara na makazi bila kujua udongo wake kinafanana na mwashi anayejenga bila kuuliza msingi uko juu ya nini. Bwana wetu alitumia mfano huo, na alitumia pia mfano wa mpanzi: mbegu ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini njiani, penye mawe, penye miiba na penye udongo mzuri mavuno si sawa. Wasikilizaji wake walikuwa wakulima. Hawakuhitaji kufafanuliwa kwamba shamba moja lina udongo wa aina nyingi.

Ardhi tupu au ardhi iliyopumzika?

Ubaya ni kwamba katika Kongo ardhi iligawanywa kwanza, ikapimwa baadaye. Tarehe 1 Julai 1885, siku za mwanzo kabisa za Dola Huru ya Kongo, ilitolewa amri iliyosema kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Lakini ardhi tupu ni ipi? Wazee wetu walilima kipande cha msitu au cha nyika kwa miaka miwili au mitatu, kisha wakakiacha kwa miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, mpaka miti irudi na udongo upate nguvu. Mgeni aliyepita wakati wa pumziko aliona kichaka kisicho na mtu. Mwenye ukoo aliona shamba la wajukuu wake. Sheria ikayaandika macho ya mgeni.

Nasi Wakatoliki tusijitoe katika ukurasa huu. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo na Makao Matakatifu ya Papa walitia sahihi mapatano ambayo kwayo vituo vya misioni vilipewa kati ya hekta 100 na 200 za ardhi ya kulima, na misioni ikaahidi kufungua shule. Shule hizo zimetulea, na mashamba hayo yamelisha yatima na wanafunzi. Hata hivyo ni haki kujiuliza: ardhi ile ilipotolewa, nani aliulizwa kama ilikuwa tupu kweli, au ilikuwa imepumzika?

Huku Kivu mambo yakaenda mbali zaidi. Tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyokuwa na mamlaka ya kuwagawia ardhi walowezi kutoka Ulaya kwa ajili ya kahawa, chai, kwinini na pareto. Hivyo udongo mweusi wa volkano na udongo mwekundu wa milima, ambao ni miongoni mwa udongo bora wa nchi yote, ulizungukwa na mipaka ya hifadhi upande mmoja na ya mashamba ya walowezi upande mwingine. Wenyeji walisukumwa kuelekea kwenye miteremko. Tukizungumza leo juu ya mkulima anayelima mahali pasipolimika, tukumbuke kwamba si kila aliyefika huko alikwenda kwa hiari yake.

Yangambi: elimu inakutana na hekima ya wazee

Tarehe 22 Desemba 1933 Ubelgiji ulianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kilimo katika Kongo, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, INEAC. Kituo chake kikuu kilijengwa Yangambi, kando ya mto Kongo, umbali wa karibu kilometa 100 chini ya mji wa Kisangani. Kikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo katika nchi za joto duniani. Huku Kivu taasisi hiyo ilikuwa na kituo Mulungu, karibu na Bukavu. Kule Ituri ilikuwa na kituo Nioka.

Watafiti wa Yangambi walikuta jambo lililowashangaza wengi. Msitu wa ikweta, wenye miti inayofika mita 40 na zaidi, husimama juu ya udongo uliochoka. Mvua ya maelfu na maelfu ya miaka imeuosha. Utajiri wa mahali pale haumo ardhini. Umo katika miti yenyewe, majani yanayoanguka, mizizi na mboji nyembamba ya juu. Mti ukianguka unaoza haraka, na chakula chake kinapanda tena katika mti mwingine. Anayefyeka msitu wote na kuuchoma anapata mavuno mazuri mwaka wa kwanza, ya kadiri mwaka wa pili, na mwaka wa tatu au wa nne anabaki na nyasi. Urefu wa miti ulikuwa umewadanganya walioota mashamba makubwa yasiyo na mwisho.

Basi elimu hiyo ikarudi mahali wazee walipokuwa tayari: ardhi ya msitu haiwezi kulimwa mfululizo, lazima ipumzike, na msitu lazima ubaki karibu ili mbegu zake zirudi. Kutokana na hayo wataalamu walibuni utaratibu wa njia za mashamba. Ardhi ya kijiji iligawanywa katika mistari mirefu yenye upana wa kama mita 100. Mstari mmoja ulilimwa, wa pili yake ukaachwa na msitu, na kila mwaka kazi ilihamia mbele mpaka baada ya miaka mingi mzunguko ukarudi mwanzo. Wakulima wa Turumbu, majirani wa Yangambi, walikuwa kati ya watu wa kwanza kuingizwa katika mpango huo, ulioitwa kwa Kifaransa *paysannat*. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na hasa chini ya Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959, ulienezwa katika majimbo mengi.

Tuangalie vizuri kilichotokea hapo. Kile ambacho sheria ya 1885 ilikiita utupu, shimo la mpimaji lilikionyesha kuwa ni pumziko lenye kazi. Udongo wenyewe ulitoa ushahidi kwa ajili ya wazee wetu. Lakini ushahidi huo haukuibadilisha sheria. Ardhi ilibaki ya Dola, na mkulima aliyewafundisha wataalamu alikuja kupangiwa mstari wake kwa kamba.

Goma, Novemba 1948

Wakati huo huo hofu ya mmomonyoko ilikuwa imeenea duniani. Marekani ilikuwa imeona mashamba yake ya tambarare yakipeperushwa na upepo katika miaka ya 1930, na mwaka 1935 ikatunga sheria ya kuhifadhi udongo. Mwaka 1944 Mbelgiji Jean-Paul Harroy, aliyekuwa kiongozi katika taasisi ya hifadhi za taifa za Kongo, alichapisha kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba Afrika ni nchi inayokufa. Katika kichwa chake kidogo alikiri wazi kwamba alizungumzia uharibifu wa udongo chini ya athari ya ukoloni. Neno hilo lilikuwa zito, likitoka kwa mtu wa serikali.

Kuanzia tarehe 8 hadi 16 Novemba 1948, mji wetu wa Goma, chini ya Nyiragongo, ulipokea Mkutano wa Afrika juu ya Udongo. Wataalamu wa serikali za kikoloni walikutana kujadili aina za udongo, ramani, mmomonyoko na njia za kuuzuia. Vijana wengi wa Goma hawajui kwamba mji wao, ambao leo unatajwa kwa vita na kwa volkano, uliwahi kuwa mahali ambapo bara zima lilizungumziwa kwa habari ya ardhi yake. Hata hivyo mkutano ulikuwa wa watawala na wataalamu wao. Mkulima wa Masisi au wa Kabare alizungumziwa. Yeye mwenyewe hakuwa na kiti.

Kutokana na moyo wa miaka hiyo zilizaliwa kazi kubwa. Kuanzia mwaka 1954 INEAC ilianza kuchapisha mfululizo wa ramani za udongo na za mimea za Kongo na Ruanda-Urundi, eneo moja baada ya jingine, kila moja na kijitabu chake cha maelezo: Kaniama, Mvuazi, Nioka, bonde la Ruzizi, Yangambi, na mengine. Ramani ya safu ya milima ya Kivu ilitoka mwaka 1960. Mwaka huo huo mtaalamu Sys alitoa ramani ya udongo wa nchi nzima kwa kipimo cha 1 kwa 5,000,000. Na mwaka 1964 Jules D'Hoore, aliyekuwa amefanya kazi katika Kongo, alikamilisha ramani ya udongo wa Afrika yote. Hiyo ni hazina ya elimu. Nyuma ya kila rangi kuna Wakongo waliochimba mashimo, waliobeba mifuko, waliofungua njia kwa panga, na ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jalada.

Somo la majirani

Ili tusidhani kwamba elimu ya udongo ni anasa, tutazame ng'ambo ya ziwa Tanganyika katika miaka ile ile. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Walimaliza kazi yao kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka katika ndege. Wakapendekeza zaidi ya hekta milioni moja. Matrekta yakapelekwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Udongo wa Kongwa, mvua inapokatika, hukauka na kuwa mgumu kama tofali. Karanga zikabaki zimefungwa ndani yake, na mchanga wake mkali ukala vyuma vya majembe. Mvua nayo ilikuwa haba, jambo ambalo Wagogo walilijua siku zote. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mashimo machache yaliyochimbwa kwa subira yangegharimu kidogo sana kuliko hapo.

Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, kosa lilikuwa la namna nyingine. Huko watawala waliogopa mmomonyoko, na hofu yao ilikuwa na sababu. Wakawaamuru Waluguru wachimbe ngazi katika miteremko yote. Lakini udongo mzuri wa Uluguru ni mwembamba. Aliyechimba ngazi aliufukia udongo mweusi na kuuleta juu udongo usiozaa. Mkulima alifanya kazi ya kulazimishwa, kisha akavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 machafuko yakazuka, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukavunjika. Kongwa walikosa kuupima udongo. Uluguru walikosa kumsikiliza anayeulima.

Kazi ya lazima na urithi wake

Nasi Kivu tulikuwa na Uluguru yetu. Sheria ya 1933 iliruhusu wanakijiji walazimishwe kufanya kazi zilizoitwa za kuelimisha hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, katika dhiki ya vita, zikapandishwa hadi siku 120. Baada ya vita serikali iliunda katika Kivu ujumbe wa kupambana na mmomonyoko. Watu wakachimba mifereji inayofuata usawa wa mlima na kupanda nyasi na miti kwenye kingo zake. Asiyefanya alitozwa faini au alifungwa.

Tuseme kweli: nyingi kati ya kazi hizo zilikuwa na faida kwa ardhi. Mfereji unaokata mteremko hupunguza mwendo wa maji. Ukingo wa nyasi hushika udongo. Baada ya miaka kadhaa mlima hujipanga wenyewe kama ngazi. Wazee waliobaki wanakumbuka milima iliyokuwa na mistari ya kijani kutoka juu mpaka chini. Lakini mistari hiyo ilipandwa pamoja na aibu ya mzazi kuamrishwa mbele ya watoto wake. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, watu wengi waliona kufukia mfereji ni sehemu ya uhuru. Kazi njema ilitupwa pamoja na kongwa iliyofungiwa. Huo ndio msiba wa kufanya jambo la haki kwa njia isiyo ya haki: wanaolazimishwa hulichukia jambo lenyewe, na watoto wao hurithi chuki bila kurithi faida.

Baada ya uhuru vita na uhaba viliwatawanya wataalamu. Mwaka 1970 taasisi ya zamani ilipata mrithi, INERA, iliyorithi vituo na kazi kubwa kuliko mkoba wake. Ramani nyingi zilibaki katika makabati, nyingine Ulaya. Mwaka 1973 sheria ya ardhi ikathibitisha kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Dola, isiyoweza kuuzwa. Mkulima wa kijiji, ambaye haki yake inatokana na desturi, akabaki mahali pasipo wazi: anatumia, lakini hana cheti. Na mtu asiyejua kama atalima mahali pale mwaka ujao hawezi kupanda mti utakaomaliza miaka kumi. Hivyo uhifadhi wa udongo una adui mwingine asiyeonekana katika shimo la mpimaji, naye ni kutokuwa na hakika ya haki.

Mvua ya Mei

Tarehe 4 Mei 2023, katika eneo la Kalehe, kando ya ziwa Kivu, mvua kubwa ilishuka juu ya milima. Mito ikafurika, na matope na mawe yakashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Wengi wetu tuliwajua baadhi yao, au tuliwajua waliowajua.

Hatusemi kwamba ramani ingeizuia mvua. Wala hatusemi kwamba waliokufa walikosa akili kwa kukaa pale walipokaa. Walikaa mahali palipobaki, penye soko, barabara na maji. Tunasema tu kwamba mlima una tabia yake, na tabia hiyo inaweza kujulikana kabla. Inaweza kujulikana mteremko upi umepoteza miti yake, bonde lipi ni njia ya zamani ya mafuriko, udongo upi unashiba maji na kuteleza. Elimu ya kujua hayo ipo tangu zamani za babu zetu, na sehemu yake ilichorwa katika nchi hii hii. Kuiacha katika kabati huku watu wakinunua viwanja mahali pa hatari ni kosa ambalo haliwezi kuitwa mapenzi ya Mungu.

Wajibu wetu sisi walei

Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani. Historia tuliyoisoma ni mfano wake katika nchi yetu: kila mara maskini aliposukumwa, udongo uliumia, na kila mara udongo ulipoumia, maskini ndiye aliyelipa kwanza.

Sura ya 25 ya Walawi inatukumbusha kwamba ardhi ni ya Bwana, sisi ni wageni na wapangaji kwake, na kwamba ardhi nayo ina haki ya sabato yake. Mwaka wa saba shamba lilipumzika. Wazee wetu walioacha kichaka kirudi hawakuwa wameisoma Torati, lakini walitenda kilicho karibu na moyo wake. Na sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme inatuonyesha shamba la Nabothi: mfalme alilijua lilivyo zuri na lilivyo karibu na jumba lake. Alikosa jambo moja tu: kukubali kwamba lina mwenyewe.

Basi tufanye nini? Hatuna ndege wala maabara. Lakini kila jumuiya inao wazee wanaojua mahali ambapo maji yalipita mwaka fulani, mahali ambapo maharagwe hukataa, mahali ambapo nyumba zilihamishwa zamani. Tuwaulize kabla hawajaondoka, tuyaandike. Kila jimbo lina vijana waliosoma kilimo katika vyuo vyetu vikuu. Tuwaite waje watembee nasi mlimani, wachimbe shimo mbele ya watu wote, wasome tabaka pamoja na wenye shamba. Parokia zenye ardhi ziwe za kwanza kupima udongo wao, kupanda miti kwenye miteremko mikali na kuwaonyesha majirani. Mifereji iliyofukiwa ichimbwe upya, safari hii kwa mapatano ya wenye mlima na si kwa amri. Na wale kati yetu walio katika ofisi za ardhi wakumbuke Shilo: Yoshua aliandika nchi ili kila kabila lipate sehemu yake mbele ya Bwana, hadharani, si gizani na mezani pa mwenye fedha.

Kila Jumatano ya Majivu Padri anatukumbusha kwamba sisi ni mavumbi na mavumbini tutarudi. Tunayasikia maneno hayo kama habari ya kifo. Yasikike pia kama habari ya undugu: tumefanywa kwa kitu kile kile tunachokikanyaga, na Mungu hakuona aibu kukishika kwa mikono yake. Atakayekishika kwa heshima, akikipima na kukisikiliza, anafanya kazi aliyopewa Adamu ya kulilima bustani na kulitunza.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni mahali gani ambapo wazee walikataza kulima au kujenga? Walikuwa na sababu gani?
2. Ni kazi gani njema ya ardhi tuliyoiacha kwa sababu tu iliamriwa na wakoloni? Tunaweza kuirudisha kwa namna gani iliyo huru?
3. Nani kati yetu analima au anaishi mahali pa hatari kwa sababu hakupata mahali pengine? Jumuiya imemfanyia nini?

Tuombe. Ee Mungu Mwumba wetu, uliyetufinyanga kwa udongo na kutupa udongo tuutunze, uwapokee katika amani yako ndugu zetu waliofunikwa na matope ya milima yetu. Utupe masikio ya kumsikiliza mkulima, macho ya kuisoma ardhi, na moyo wa haki katika kuigawana. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.